Sivii Moja kwa Watu Wawili

Zainabu amenishikia simu hapa mdomoni kama anayetaka kunilisha uji, ananiambia, "Bibi, sema, inarekodi." Haya, nasema. Kuandika mie sijui, na kusoma najua jina langu na mlango wa choo cha wanawake. Kwa hivyo haya mnayoyasoma ni mdomo wangu na vidole vyake. Nimemwapisha asinitengeneze. Nishawahi kuona mtu akitengenezwa kwenye karatasi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nyie wasichana wa vyumbani mlinipikia pilau la kuniaga, mkanipa leso na jiko la gesi, kisha kabla sijanawa mikono mkaniuliza swali. Kuna hoteli kubwa inafunguliwa, inaandika watu, inataka sivii, ile karatasi ya kueleza kazi ulizofanya, na pale Ukunda wamejaa mafundi wa kuziandika kwa kulipwa. Zainabu hela ya kumlipa fundi anayo, ila aliiweka kwa jambo lingine na hana ya pili. Sasa alipe, au aandike mwenyewe kwa kalamu yake? Nimemwambia jibu ninalo, lakini nitapita njia ndefu. Nimestaafu, sina pa kuwahi.

Mie nilipoingia kazi Diani, sivii yangu ilikuwa shangazi yangu. Shangazi alimwambia mpishi, mpishi akamwambia mkubwa wa vyumba, mkubwa akasema aletwe. Mkubwa mwenyewe alikuwa Bi Fatuma wa Gazi, mama mfupi, mnene, sauti imekwaruza kama mlango wa banda la kuku. Alinishika viganja akavibonyeza kama anayechagua mihogo sokoni. "Huyu amelima," akasema. "Kesho aje na viatu." Hapo nikawa nimeandikwa kazi. Viatu niliazima.

Kesho yake akanipeleka kwenye kitanda kipana kuliko chumba changu cha Msambweni. "Haya, mwanangu, simama dirishani. Mie nasimama mlangoni. Shuka nalirusha, weye walipokea. Usilivute. Ukilivuta peke yako, mwenzio anabaki na godoro tupu."

Nikalivuta. Bi Fatuma akabaki na godoro tupu. Akanitazama, akasema polepole, "Masikio unayo. Tutayatafutia kazi."

Tangu siku ile mie ni wa upande wa dirisha. Vyumba vyetu vilifanywa na watu wawili wawili, na kila mtu na upande wake, kama ng'ombe wa kukokota mkokoteni. Ukiwabadilisha wanapigana pembe. Wawili wakizoeana hawasemi kitu. Shuka linarushwa, linajaa hewa, linashuka, kila mmoja anakunja pembe zake, na kabla hujamaliza kuguna mmeshafika kwenye mito.

Bi Fatuma alinifundisha na mengine, nayasema hapa maana nyie mna mashine nyingi na viganja vichache. Mchanga wa Diani ni mweupe na shuka ni jeupe, kwa jicho huuoni. Pitisha kiganja kitupu, utausikia. Gurudumu la toroli likilia, tone la mafuta ya nazi latosha, usingoje fundi. Kioo kifute kwa foronya iliyochakaa, wala usikifute kwa taulo, taulo linaacha manyoya. Mlango ukiugonga, sema kazi yako, ngoja, gonga tena, ngoja tena. Kuna Mzungu akiwa bafuni husema "Yes, yes" kwa sauti nyembamba namna hii, ukiingia unamkuta kama alivyozaliwa, na anayepiga ukelele ni wewe.

Na milango ya nyuma fungeni, hata kama mnaingia na kutoka. Tumbili wa Diani wana akili za madalali. Kuna mmoja alijua kusukuma kioo, akaingia, akala sukari yote ya chai, akakaa katikati ya kitanda nilichomaliza kutandika na kuanza kujikuna. Nilipomfukuza akaondoka na foronya, akapanda nayo juu ya paa, akaivaa begani. Mgeni mwenye chumba akapiga picha. Mie nikaenda kwa Bi Fatuma kueleza foronya iko wapi. Bi Fatuma akaniuliza, "Huyo tumbili aliandikisha jina?"

Miguu ya Bi Fatuma ilipoanza kuvimba, alirudi kwao Gazi. Nikabaki na upande wa dirisha bila mtu wa mlangoni, mpaka siku aliyoletwa Mwanahamisi.

Alikuwa msichana wa Ukunda, amemaliza darasa la nane, mwembamba, miguu mirefu, nguo ya kazi imemfika magotini. "Shikamoo, Da Mejumaa." "Marahaba. Simama mlangoni." Nikarusha shuka, akalivuta. Nikatoa sauti ya Bi Fatuma, ile ya mlango wa banda, "Masikio unayo, tutayatafutia kazi." Akacheka mpaka akaketi juu ya kitanda cha mgeni, jambo ambalo mtu alikuwa akifukuzwa kazi kwalo. Nikajua huyu ni wangu.

Tulifanya kazi pamoja mpaka watu wakawa wanatuita kwa jina moja. Jikoni wakituhitaji walisema, "Muite Mejumaa-na-Mwanahamisi." Mie nilikuwa nikiiga wageni huku tunakunja pembe. Niliiga yule Mwitaliano aliyezungumza na koti lake, niliiga mama wa Kiingereza aliyeomba msamaha kwa kila kitu, mpaka kwa mito. Mwanahamisi hakuwa anaiga. Alikuwa anasikiliza. Hilo nililielewa baadaye.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kijerumani aliyekuja kila mwaka na mkewe, chumba kile kile cha mwisho chini ya mivinje. Mwaka mmoja akaja peke yake. Siku ya kwanza tukatandika upande mmoja, tukaweka mto mmoja, tukidhani ndiyo adabu. Akatoka barazani, akamwambia Mwanahamisi maneno kidogo kwa lugha yake. Mwanahamisi akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, kisha akanigeukia, "Da Mejumaa, anasema tutandike pande zote mbili." Tukatandika zote. Siku zote alizokaa, upande mmoja ulikuwa haujaguswa, na kila asubuhi tuliukunjua na kuutandika upya kama uliolaliwa. Sikumwuliza Mwanahamisi Kijerumani alikipata lini. Nilishughulika na pembe zangu.

Kisha wageni wakakatika. Hoteli ikafungwa, tukatolewa langoni na mifuko yetu, akabaki mlinzi na paka. Mie nikaanza kuuza viazi karai na mahamri karibu na hospitali ya Msambweni. Mwanahamisi akauza mitumba Ukunda. Mitumba yenyewe aliikunja kwa pembe, kama mashuka, watu wakaogopa kuifungua. Alikuwa akija kwangu na tuktuk, anakaa nyuma ya karai, tunakula mahamri yaliyoungua, anasema, "Da Mejumaa, mikono inaniwasha." Yangu pia ilikuwa ikiniwasha. Nilikuwa nikikunja magazeti ya kufungia viazi kwa pembe nne.

Ndipo habari ikaja: hoteli imepata mwenyewe mwingine na Madam mpya wa kuandika watu, inafunguliwa, wafanyakazi wa zamani walete sivii, lakini si wote watakaochukuliwa. Tukataka kitu kimoja tu, turudi wote wawili, kitanda kimoja, yeye mlangoni, mie dirishani.

Tukabishana kuhusu fundi. Mie nilisema, "Nimlipe mtu aniambie mie ni nani? Mie najijua bure."

"Wewe wajijua," akasema Mwanahamisi. "Madam mpya hakujui."

"Aniulize."

"Hatakuuliza. Atasoma, na atasoma za watu wote wa Kwale siku moja. Yako ataisoma akiwa na usingizi."

Nikamwambia haya, lakini hela zetu zikikusanywa zatosha karatasi moja. Tukatazamana, tukaona hakuna tatizo. Kitanda kimoja, karatasi moja. Tukaenda Ukunda tumeshikana mikono kama wanaokwenda kufunga ndoa.

Fundi aliitwa Kelvin, kijana wa bara, kila mama kwake ni "mathe", kibanda chake kina rangi ya samawati na feni inayotikisa kichwa kama mtu anayekataa. "Karibuni, wamathe. Jina?"

"Mejumaa na Mwanahamisi."

"Tuanze na nani?"

"Wote. Ni moja."

Akaacha kuandika. "Sivii moja? Mathe, sivii ni ya mtu mmoja. Hata mapacha huandika mbili."

"Na kitanda kinatandikwa na watu wangapi?" nikamwuliza.

"Sikia, mathe. Hapa mimi nakuuza. Nakuuza wewe, peke yako."

"Kwetu kinachouzwa ni mbuzi, tena huko Taru."

Akacheka, hakukasirika. Kijana mzuri yule, ningekuwa na binti wa ziada ningemtajia. Akataka kujua mie hasa nafanya nini. Nikamwambia nashika upande wa dirisha. Akamgeukia Mwanahamisi. "Na wewe?" "Upande wa mlango." Kelvin akashika kichwa. "Sasa nikiandika hivyo, si mtaajiriwa na fundi wa nyumba?"

Tukatoka nje tukashauriana kando ya muuza madafu. Mie ndiye niliyesema yeye aandikiwe. Ana darasa la nane, ana miaka mbele, na akishaingia atanivuta. Alikataa, nikamsukuma, akakataa, nikaiga sauti ya mama yake, akaingia.

Kelvin akaanza kumwuliza, nami nimekaa pembeni na kiroba changu. Wageni wakiwa na shida walimwita nani? "Mie." Kwa lugha gani? "Kijerumani. Na Kitaliano kidogo." Alijifunza wapi? "Vyumbani." Wasichana wapya nani alikuwa akiwafundisha? Mwanahamisi akanitazama, mie nikaitazama feni. "Mie. Da Mejumaa hana subira." Mashuka ya stoo nani alijua mangapi mazima, mangapi ya kutupwa? "Mie." Mkubwa akiwa mgonjwa, ghorofa ilishikwa na nani? "Mie."

Alipomaliza akaisoma kwa Kiingereza, kisha akanisomea kwa Kiswahili. Nikasikia habari za mwanamke anayezungumza lugha nne, amefundisha wenzake, anaweza kushika ghorofa nzima na isitetereke. Nilitafuta uongo nimwaibishe Kelvin. Haukuwemo hata mmoja. Miaka yote ile nilisimama ng'ambo ya kitanda, nikawa namwona mikono tu.

"Na mie niko wapi humo?" nikauliza.

"Wewe, mathe, haumo," akasema Kelvin, kwa upole. "Hii ni yake."

Akamwuliza kama anaweza kuituma na kwingine, maana karatasi kama ile ni dhambi kuilaza sehemu moja. Mwanahamisi akasema tuma, kama mtu anayeulizwa kama aongezwe chumvi.

Yangu aliniandikia Mwanahamisi mwenyewe, kwake, kwenye ukurasa wa daftari la mtoto. "Niandike nini?" "Andika ulivyoniona." Akaandika, akanisomea: "Mejumaa anatandika upande wa dirisha. Anaona mchanga kwa kiganja. Hajawahi kuchelewa. Anaiga watu, lakini wageni hucheka." Nikamwambia aitoe hiyo ya kuiga. Hakuitoa.

Siku ya kuitwa, Madam alianza na mie. Mama wa bara, miwani imekaa ncha ya pua, Kiswahili chake kimenyooka kama ukuta. Aliisoma karatasi yangu akatikisika mabega. "Mama, nani amekuandikia hii?" "Mwenzangu wa upande wa mlango." "Vyumba bado utaviweza?" "Madam, havijakimbia." Akanichukua.

Akaingia Mwanahamisi. Mie nje nikawa naomba dua na kumtazama paka. Alipotoka, uso ulikuwa kama wa mtu aliyetafuna papai bichi. Madam alimwambia hivi, naye akanisimulia, sasa mie nawaigia: "Karatasi yako ni nzuri sana. Wewe ni msimamizi. Msimamizi nimeshapata. Nikikuweka kutandika, baada ya miezi miwili utaniacha."

"Nikamwambia sitamwacha," akasema Mwanahamisi. "Akasema wote husema hivyo."

Siku chache baadaye akaja kwangu Msambweni. Nilikuwa barazani nachambua mchicha. Akavua viatu, akakaa mkekani, akachukua mchicha upande wake na kuanza kuchambua naye. Kisha akasema Maskati wamemjibu. Hoteli kubwa, wanamtaka ashike ghorofa. Kelvin aliituma kweli.

"Lakini Da Mejumaa, nimefikiri. Naweza kurudi kwa Madam na karatasi ya daftari kama yako. Nitaandika naweza upande wa mlango, basi. Kuna binti hakuripoti, nafasi ipo. Wewe ukisema nibaki, nabaki. Wallahi nabaki."

Nilijua anabaki kweli. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa kinywani mwangu.

Mie naiga kila mtu, nyie mwajua. Nimemwiga meneja akiwa nyuma yangu, nimemwiga imamu na Mungu anisamehe. Siku ile nilimwiga mwanamke aliyefurahi. Sikuwa na mfano karibu, nikachukua sauti ya Bi Fatuma. "Nenda, mwanangu," nikamwambia kwa mkwaruzo ule. "Mie huyo mpya wa mlangoni nitamfunza adabu mwenyewe."

Akacheka. Akachambua mchicha wote mpaka ukaisha, na mwingine ulikuwa safi tayari.

Akaenda. Mie nikarudi hotelini, nikafanya kazi mpaka juzi mliponipikia pilau. Walinipa wenzangu wa mlangoni, wengine wazuri, wengine walikuwa wakitazama simu. Kisha Madam akaona watu wawili kwa kitanda ni wengi, akaleta mashuka yenye mpira pembeni, kila mtu chumba chake peke yake. Shuka la mpira halirushwi, linavalishwa, kama soksi. Lakini la juu bado lilikuwa la kawaida, na hilo nilikuwa nalirusha, linajaa hewa, nami nasimama. Zainabu, wewe ulikuwa ukinikuta hapo dirishani na shuka mkononi, ukawaambia wenzio, "Bibi anaangalia bahari." Bahari nimeiona tangu nizaliwe.

Sasa jibu lako. Fundi akiwa wa kuuliza maswali, mlipe. Kelvin aliuliza, akatoa mambo ambayo mie niliyetazamana nayo kila siku sikuyaona. Fundi asiyeuliza, anayekujazia maneno aliyomjazia mteja wa jana, huyo usimpe hata hela ya soda. Na kila alichoandika akusomee, maana siku ya kuitwa atakayekaa kwenye kile kiti ni wewe. Kama unataka chumba tu, hapa hapa, na watu wanaokujua, kalamu yako yatosha. Lakini jiulize kwanza unataka kwenda au unataka kubaki, kabla hujafungua mkoba. Karatasi nzuri ni ya kwenda. Ya kubaki sijaona bado ikaandikwa vizuri.

Wewe, mie nadhani unataka kwenda. Nimekuona ukiwasikiliza wageni. Nenda kamlipe. Na hii sauti, mwanangu, ni yangu, sijamwiga mtu.

Jana baada ya alasiri Mwanahamisi alipiga simu, ile ya kuonana. Yeye sasa anashika hoteli nzima, lakini msichana mmoja alikuwa mgonjwa, naye akaingia chumbani kutandika mwenyewe. Nikamwona kavaa suti nyeusi, kakunja mikono ya koti, simu kaiegemeza kwenye mto.

"Shikamoo, Da Mejumaa. Ni kweli umestaafu?"

"Marahaba. Nimestaafu, nimelala."

"Hujalala. Na hicho kitanda nyuma yako hakijatandikwa, aibu gani hii."

"Sina mtu wa mlangoni."

Akasema, "Basi simama dirishani."

Dirisha langu ni la mbao, dogo, linatazama migomba ya jirani. Nikaisimamisha simu kwenye kopo, nikachukua shuka langu, nikasimama. Yeye kule akachukua la kwake, jeupe, pana kama tanga. "Haya, narusha."

Likajaa hewa, likashuka. Likaifunika simu yake, nami nikawa naona weupe mtupu, na sauti yake kupitia shuka inaniuliza, "Umelipokea?"

Nilikuwa nimeshika pembe mbili za langu. Nikamwambia nimelipokea, asivute.